Vyura Ndani ya Josho

Gutu, 12 Septemba 2021

Mjukuu wangu Shuvai,

Umelalaje? Mimi nimelala, ikiwa wewe umelala. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyosalimiana. Goti langu la kushoto lina maoni tofauti.

Anayeandika ni Mzee Gwatidzo, msimamizi wa josho la ng'ombe, unamkumbuka, yule anayevaa koti la mvua hata kiangazi. Kalamu anayo kwa ajili ya daftari lake la ng'ombe. Mkono wangu haujawahi kushika kalamu. Umeshika mchi, umeshika jembe, umekushika wewe matako ulipokuwa mgongoni. Mnara wa simu uliopigwa na radi bado umelala kilimani kama mlevi, na hakuna aliyekuja kuuinua. Sina kinyongo. Simu hukatika mtu akianza tu kukugombeza. Barua haikatiki.

Jogoo mwekundu amekufa kwa uzee. Tulijaribu kumla, akatushinda. Mai Rwodzi, mke wa mhubiri, amerudi kutoka kwao na miwani mipya, sasa anasoma mpaka maandishi ya mifuko ya mbolea. Karanga zimetoka vizuri. Siagi yake nimekutilia kwenye kopo la buluu, na kopo nalitaka.

Sasa tuje kwenye upuuzi wako. Watoto wa wenzangu wakiwa Harare huagiza mboga za kukausha. Wewe umeagiza kupe. Tena wawe hai! Nimeinama kwenye masikio ya maksai kama mtu anayewanong'oneza, nimechomoa thelathini, wadogo kama ufuta, nimewatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi na kutoboa kifuniko kama ulivyosema. Kondakta akauliza, "Mbuya, humu mna nini?" Nikamwambia, "Wakwe zako." Ameisukuma chini ya kiti cha dereva na sasa hataki kunitazama usoni.

Nimefanya hivyo kwa ajili ya Muchaneta. Msimu uliopita ugonjwa wa Januari, hiyo homa ya kupe, ulinizolea ng'ombe wanne. Nimebaki na maksai wawili na yeye. Na yeye si ng'ombe wa kuuza wala wa kufunga plau. Ni mombe yeumai, ng'ombe wa umama, mjukuu wa yule mtamba ambaye baba yako alinikabidhi siku aliyomwoa mama yako, kunishukuru kwa kumzaa. Marehemu babu yako, pamoja na ubabe wake wote, hakuthubutu kumgusa yule mtamba hata kwa kijiti. Mama yako yuko kaburini mwaka wa ishirini na mbili huu. Ng'ombe wake anapumua zizini kwangu na ana mimba. Siku ukoo ule utakapokatika nitabaki na nini cha mwanangu? Wewe. Na wewe huji.

Nimewaambia watu wote kwamba mjukuu wangu anahasi kupe. Wananiuliza anamshikaje, na mimi sijui la kuwajibu. Fanya upesi.

Bibi yako,
Mbuya Emerensia

(Nimeandika kama nilivyoambiwa, pamoja na neno matako. Gwatidzo.)


Harare, 1 Oktoba 2021

Mbuya wangu,

Nimepiga magoti na ninakupigia makofi, ingawa huoni. Nimelala, ikiwa nawe umelala. Siagi ya karanga imekwisha siku ya tatu. Nimepona kikohozi. Mwenye nyumba wangu ameoa tena, sasa kuna kelele za aina mpya ukutani.

Kupe ishirini na saba wamefika hai. Ahsante, na uniombee radhi kwa kondakta.

Hatuwahasi kwa kisu, Mbuya. Ndani ya kila yai kuna maagizo, kama mbegu ya mtama inavyojua kwamba haitakuwa hindi. Sisi hapa maabara tunaingiza sindano nyembamba kuliko unywele na kukata agizo moja tu, ili dume litakalotoka lipande majike kama kawaida lakini mayai yasianguliwe. Madume ya namna hiyo yakiwa mengi, kupe watapungua wenyewe, bila sumu. Tatizo ni kwamba kupe jike ana kiungo karibu na kichwa cha kupaka nta kila yai analotaga. Yai lenye nta halipitishi sindano. Nikiiondoa nta, yai linakauka na kufa. Hapo ndipo nilipo.

Lakini tunakaribia. Waambie watu kupe wetu wanakuja hivi karibuni.

Sasa jambo kubwa, naomba unijibu. Hao wako niliwalea mpaka wakakua, nusu yao nikawatumbukiza katika dawa ya josho ileile mnayotumia, niliyoinunua dukani na kuichanganya kwa kipimo kilichoandikwa. Walikufa wote. Mbuya, dawa bado inaua kupe wa kwetu. Kwa nini basi ng'ombe wanne walikufa? Josho linafanyika kila wiki wakati wa mvua? Maji yake ni meupe kama maziwa? Yananuka dawa? Niambie.

Mjukuu wako,
Shuvai


Gutu, 26 Oktoba 2021

Shuvai,

Nimelala, ikiwa umelala. Joto la mwezi huu linawatoa mbwa ulimi hadi magotini. Mai Rwodzi ametuma salamu. Muchaneta amezaa! Mtamba, mwekundu, ana doa jeupe kama mtu aliyelamba unga. Nilimpigia vigelegele peke yangu mpaka majirani wakadhani umeolewa. Niliwaambia wasiwe na haraka hiyo.

Barua yako nimeisikia. Kurasa mbili nzima, na Gwatidzo akazimaliza kabla chai yangu haijapoa. Ninyi wasomi mnaandika herufi kubwa kiasi gani siku hizi? Ukinunua karatasi ijaze, mjukuu.

Hiyo habari ya nta imenikalia moyoni. Yaani kupe, mdudu asiye na shukrani wala kitovu, kabla mwanawe hajatoka duniani anampaka mafuta mmojammoja? Na wewe niliyekupaka mafuta kuanzia utosi hadi kisigino kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano, basi la mwendo wa saa tano linakushinda! Ningekuwa wewe ningemheshimu yule mama kupe. Halafu ningemchoma sindano.

Umesema wanakuja hivi karibuni. Watu wamefurahi sana. Mzee Chikwanda hapo ng'ambo ya kijito amesema sasa hana haja ya kuwachosha ng'ombe wake kilomita sita hadi joshoni. Nimemwambia kupe hawajafika bado, mpumbavu wewe. Akasema, "Mbuya, si umesema mwenyewe?" Kwa hiyo nipe mwezi. Gwatidzo naye anauliza mwezi gani. Anauliza sana kuliko wenye ng'ombe.

Maksai na Muchaneta anawapeleka yeye joshoni pamoja na wake, maana goti langu limenikatalia ule mlima tangu Pasaka. Ni mtu mwema, ingawa nyumbani kwake hamna chumvi tangu mkewe afariki na lazima nimlishe ugali wangu wa sadza kila akija kuandika.

Bibi yako,
Mbuya Emerensia

(Chumvi ninayo. Gwatidzo.)


Harare, 15 Novemba 2021

Mbuya wangu,

Ninakupigia makofi. Nimelala, ikiwa umelala. Hongera kwa ndama. Niliruka mpaka wenzangu wakaniuliza nimeshinda nini. Nakutumia chai, sukari na ugoro, ingawa daktari alikukataza ugoro.

Kuhusu kuja: mayai hayana Jumapili. Nikikosa siku mbili yanakauka, na miezi minne ya kazi inakwenda na maji. Si kwamba sitaki.

Mbuya, hukunijibu. Nilikuuliza kuhusu josho, ukanijibu kuhusu herufi zangu. Nauliza tena na ninapiga mstari chini yake: JE, MAJI YA JOSHO NI MEUPE NA YANANUKA DAWA? Mvua inaanza, na kupe wakubwa watapanda majani pamoja nayo. Kama josho halina nguvu, tumieni grisi ya kupe, mpake ndani ya masikio na chini ya mkia kila wiki. Usimsubiri mtu, wala usinisubiri mimi.

Unauliza mwezi gani. Hivi karibuni.

Shuvai


Gutu, 9 Desemba 2021

Shuvai,

Nimelala kidogo. Mvua imekuja kwa hasira, imechukua nusu ya mahindi ya chini na daraja limeanza kuinama. Ndama anakua. Ugoro umefika na ni mzuri. Huyo daktari aje aninyang'anye mwenyewe.

Leo sina mzaha. Hii ni barua yako ya pili bila kuniuliza hata neno moja kuhusu hali ya ng'ombe wangu. Chai, sukari, mayai hayana Jumapili, nimepona kikohozi! Gwatidzo amenisomea mara mbili, nikamwambia rudia, labda umeruka mahali anapouliza. Akasema hakuna. Nikamwambia basi huyo si mtoto niliyemlea. Wewe uliyelala zizini ukiwa na miaka saba kwa sababu ndama alikuwa anaharisha!

Nakuambia bila kuulizwa. Mzee Chikwanda amefukia ng'ombe watatu. Matezi yamevimba chini ya masikio kama mayai ya kanga, macho yanalia, povu puani. Ng'ombe wake hawaendi joshoni, kwa hiyo watu wanasema amejitakia. Lakini wiki hii ng'ombe wa mhubiri amekufa, na yeye haruki hata wiki moja. Nimemuuliza Gwatidzo inakuwaje. Akakohoa. Anakohoa hata sasa hivi. Nimemwambia avae lile koti lake.

Anasema tuandike tu kwamba watu wanasubiri kupe wako kwa hamu kubwa.

Bibi yako, ambaye hajaulizwa habari za ng'ombe wake,
Mbuya Emerensia


Harare, 16 Desemba 2021

Mbuya wangu,

Barua hii nimempa kondakta aikabidhi kwa Mai Rwodzi mkononi, na si kwa mtu mwingine. Mai Rwodzi, nakuomba uvae miwani yako mipya na umsomee Mbuya kila neno.

Mbuya, niliuliza. Niliuliza barua zote mbili, na ya pili kwa herufi kubwa na mstari chini. Niliuliza kama maji ya josho ni meupe, na kama yananuka. Nilisema kuhusu grisi. Karatasi unazo mwenyewe, ndani ya kibweta chako. Mpe Mai Rwodzi azisome sasa hivi.

Sijui kwa nini hukusomewa. Nakuomba jambo moja. Uende joshoni mwenyewe, hata kwa toroli, ukayaone maji yale kwa macho yako. Na Muchaneta apakwe grisi leo.

Shuvai


Gutu, 8 Januari 2022

Shuvai,

Sikulala. Wala sitaki kujua kama wewe umelala.

Huu ni mwandiko wa Mai Rwodzi. Barua yako ilikaa ng'ambo ya mto wiki tatu kwa sababu daraja lililala moja kwa moja, imetufikia juzi. Ameisoma. Kisha akazisoma zile za nyuma. Aliposoma ile yenye herufi kubwa nilimwambia anyamaze, nikatoka nje nikakaa na kuku.

Nilikwenda joshoni jana, kwa toroli kama ulivyosema, mhubiri akisukuma na mimi nikimwambia apunguze sala na asukume zaidi. Kabla hatujafika nilisikia kelele. Shuvai, ni vyura. Vyura wanaimba ndani ya josho. Nilipochungulia kulikuwa na viluwiluwi wamejaa kama mtama kwenye ungo, wanene, wenye afya. Nimelijua josho lile tangu nikiwa bibi harusi. Zamani nzi akitua kwenye maji yale hainuki tena. Nikachovya kidole, nikanusa, nikaweka ulimini. Maji ya mvua.

Gwatidzo alikuwa amesimama pale na daftari lake. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu, "Tangu lini?"

"Tangu Mei. Lori la dawa halikuja, Mbuya, na msimu uliotangulia lilileta nusu tu, nikaizimua kwa maji. Niliandika barua nne kuuliza."

"Na Chikwanda? Na mhubiri? Na mimi niliyekulisha?"

"Ningesema, watu wasingekuja tena. Watu wasipokuja, josho linakufa. Niliona ni afadhali mazoea ya kuja joshoni yasife. Halafu Shuvai akaandika kupe wake wanakuja hivi karibuni. Nikahesabu. Nikasema labda watawahi kabla ya Januari."

Miezi minane amekuwa akiwatumbukiza ng'ombe wetu majini na kuandika daftarini kwamba wameogeshwa! Amekula sadza yangu, na akiwa na chembe ya sadza kwenye ndevu akaruka mistari yako.

Muchaneta ameacha kula tangu jana asubuhi. Tezi la kushoto limevimba. Nimempaka grisi aliyokuwa nayo Mai Rwodzi, lakini najua nilichokiona. Grisi humzuia mgeni mlangoni, haimtoi aliyekwisha kuingia.

Kama una dawa, ilete. Ilete wewe.

Na unijibu jambo moja, bila maneno ya mjini ya kuzungusha: hao kupe wako wanakuja lini?

Bibi yako


Harare, 11 Januari 2022

Mbuya wangu,

Ninapiga magoti, na leo sijui kama nastahili kuinuka.

Ndani ya kopo lako la buluu kuna chupa mbili za dawa ya sindano. Mai Rwodzi amchome Muchaneta msulini shingoni, kipimo nimekiandika kwenye kifuniko. Kama ndama naye ana joto, kuna kipimo chake. Inasaidia ikiwahi. Kondakta ameniahidi ataifikisha hadi kwenye daraja.

Nakujibu sasa. Hawaji mwaka huu, wala mwaka ujao. Katika miaka mitatu nimechoma mayai zaidi ya elfu nne. Kabla ya wiki hii walikuwa wameanguliwa kumi na mmoja, na hakuna aliyeishi mwezi. Hata wakiishi, kuna miaka ya kuwapima, na ruhusa za kuomba, kabla dume moja halijaachiliwa kwenye majani ya Gutu. Nililijua hilo nilipoandika "hivi karibuni". Niliandika kwa sababu kila mtu nyumbani anadhani nahasi kupe, na wewe unawaambia kwa fahari, nami sikutaka uwe mwongo kwa ajili yangu. Sikujua kuna mtu anayehesabu siku kwa neno langu.

Kuna la mwisho, na nitalisema mwenyewe. Umeniambia niilete mimi. Basi lilikuwepo, na kiti kilikuwepo. Lakini jana mayai yalianza kuanguliwa. Kumi na tisa, Mbuya, kwa wakati mmoja, haijawahi kutokea. Nikiondoka sasa watakauka. Nimekaa.

Nitukane utakavyo.

Shuvai


Gutu, 3 Februari 2022

Mjukuu wangu Shuvai,

Usishtuke kuona mwandiko wa Gwatidzo. Mai Rwodzi yupo hapa, amekaa pembeni yake na miwani, anafuata kila neno kwa kidole. Nimekataa mwingine asiandike. Watu walitaka afukuzwe, wengine walitaka apigwe. Nikasema hapana, huyu ana kalamu, adhabu yake ni kuandika. Kwanza amenisomea barua zako zote upya, tangu ile ya Oktoba, polepole, bila kuruka. Alipofika kwenye mstari wa herufi kubwa aliiweka karatasi magotini. Nikamwambia soma. Akasoma. Kisha akaenda joshoni siku ya watu wengi akawaambia wote kwa mdomo wake. Andika hilo, Gwatidzo. Andika "mimi".

(Mimi Gwatidzo niliogesha ng'ombe wa watu kwa maji matupu kuanzia Mei hadi Januari, na nikaficha maneno ya barua nilipokuwa nikizisoma. Nimeandika kwa mkono wangu.)

Vizuri. Tuendelee.

Dawa yako ilifika ng'ambo ya mto siku ya Alhamisi, na mto ulikuwa umejaa mpaka matawini. Kondakta akasimama upande wake akiinua kopo juu. Huku sisi tukasimama kama mbuzi. Aliyeingia majini ni Gwatidzo. Miaka sitini na minne, maji kifuani, kopo kichwani. Koti lake la mvua limechukuliwa na mto, huenda sasa hivi linavaliwa na mamba. Nasema hivyo ili ujue, si kwa sababu nimemsamehe. Nikimsamehe nitakuandikia.

Ilikuwa imechelewa. Muchaneta alilala chini siku ileile asubuhi, kichwa kwenye mapaja yangu, akipumua kama mtu anayepanda mlima. Nilimwita kwa majina ya mama zake wote hadi yule mtamba wa baba yako. Akaniangalia kwa jicho lililogeuka jeupe, kisha akaacha kuniangalia. Hatukumla. Nimemfukia jirani na mama yako. Mhubiri alisema ng'ombe hazikwi karibu na Mkristo. Nikamwambia asukume toroli.

Ile dawa amechomwa ndama. Alikuwa na joto na tezi moja limeanza. Siku ya tatu akasimama. Siku ya nne akamkanyaga Mai Rwodzi mguu, tukajua amepona.

Kuhusu wewe. Nilitukana siku mbili. Nilisema amekaa kuwabembeleza watoto wa kupe, na ng'ombe wa mama yake anakata roho. Nimesema na mengine, Gwatidzo anayajua, hayaandikiki. Siku ya tatu nikachoka. Ungekuja, ungekwama ng'ambo na kondakta, na kupe wako wangekufa bure pamoja na Muchaneta. Hilo halinipi raha, lakini ni kweli, na tangu sasa kwangu kinaingia kilicho kweli tu. Usiniandikie tena "hivi karibuni". Andika "miaka kumi". Andika "sijui". Mimi si yai, sihitaji kupakwa nta.

Wale kumi na tisa, wamebaki wangapi? Niambie idadi hata kama ni mmoja.

Huku tumeyatoa maji ya josho kwa ndoo, vyura wamehamia kwenye kijito. Lori la dawa bado halijaja. Kila Jumanne watu wanaleta ng'ombe na mimi nakaa penye kizuizi na bakuli la grisi, napaka masikio. Ya maksai wa Chikwanda pia, ingawa nilimwambia maneno yake kwanza. Mikono yangu inanuka mpaka sadza inanikataa.

Ndama ananyonya chupa. Anaikataa, anang'ata, anaisukuma, kisha anarudi analia. Mkaidi kupita kiasi. Watu wananiuliza, "Mbuya, utaweza, kwa goti hilo?" Nawaambia kazi ya kulea mtoto aliyeachwa na mama yake nimekwisha kuifanya mara moja, na yule wa kwanza alikuwa ananing'ata vilevile. Sasa yeye ndiye ng'ombe wa umama. Jina hana. Jina utampa wewe, kama ulivyompa Muchaneta.

Katika kopo la buluu utakuta chupa ya dawa ya kikohozi. Kabla hatujamfukia nilikaa nikamsafisha masikio, moja baada ya jingine. Kupe arobaini na mmoja. Saba ni majike yaliyovimba kwa damu yake, karibu yatataga. Sikuwaponda, na Mungu anajua vidole vyangu vilivyotaka. Wakitaga, mayai hayo ndiyo uyachome sindano. Anza na ukoo huu.

Nimelala, ikiwa nawe umelala.

Bibi yako,
Mbuya Emerensia

Kopo nalitaka. Safari hii ulilete mwenyewe.